Mita Nane na Nusu za Marie-Josèphe

Douai, 3 Aprili 1986

Mdogo wangu Odile,

Tarehe 12 Machi tulipoteza mita nane na nusu za tishari la baba. Zilikatwa kwa moto wa gesi katikati ya tumbo lake, kwenye karakana ambayo kutoka mlangoni kwangu ni mwendo wa baiskeli, na mimi sikuambiwa. Nimekuja kuambiwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa simu, nikiwa mezani nakunywa supu.

"Mzee Vanhoutte? Hili pande la tishari nilivunje, au mtalifuata?"

Nikamwambia amekosea nyumba.

"Ndani yake mna zizi la farasi," akasema.

Nikaweka kijiko chini.

Sasa salamu, maana hasira haijanigeuza mshenzi. Wifi yako Léonie hajambo, ila goti humuuma kila mvua inapokaribia, na hapa Douai mvua haina siku inayokaa mbali. Binti yetu amejifungua mtoto wa kiume. Kichwa cha baba kabisa, hakikupita kirahisi. Kazi inaendelea. Nina mafundi kumi na tisa na winchi mbili, zangu, si za mkopo. Nasema hivyo ili ujue kwamba sikuandikii kwa kutafuta kitu.

Hesabu ninaijua. Tishari letu Marie-Josèphe lilikuwa mita thelathini na nane na nusu kwa sababu vizimba vya maji vya kaskazini, kati ya lango na lango, vinachukua urefu huo, basi. Vya kusini kabisa, kwenye ule mfereji wa zamani wa kwenda Toulouse, vinachukua thelathini. Kwa hiyo mtu hamkati Marie-Josèphe mpaka awe anataka kumpeleka huko. Huko kuna nini? Mzigo hakuna. Mumeo Fernand ana miaka sitini na moja, wewe una hamsini na mbili. Tena nasikia vizimba vya huko wanavirefusha kimoja kimoja. Mngevuta subira miaka michache mngepita na tishari zima lenye jina la mama, bila kumtoa tumbo. Haraka ya nini?

Nilizaliwa kwenye zizi hilo, unajua. Februari, mfereji umeganda, matishari yamekwama kama meno kwenye taya, na mama akahamia kwa farasi kwa kuwa farasi ndiye jiko pekee lililobaki na moto. Siku tunamzika baba sikudai tishari. Aliyeshuka nchi kavu hadai. Nilisema neno moja tu, mbele yako na mbele ya Fernand: siku likifika mwisho wake, zizi nipeni mimi.

Jambo la pili nilikuwa nimelimeza, lakini leo nalitema. Watu wa maji hawapandi tishari la mtu mpaka waitwe. Hata ndugu. Hata kasisi. Tangu nilipoteremka na begi langu la turubai mwaka 1949, kila mlipofunga kamba Douai nilikuja nikasimama ukingoni. Miaka thelathini na saba. Baba hakuniambia "panda." Akafa. Wewe ukawa bibi wa tishari, na wewe pia hukuniambia.

Barua hii inakwenda kwa bawabu wa kizimba cha Briare, maana nyinyi hamna anwani, mna mkondo tu. Nijibu.

Kaka yako,
Ghislain


Briare, 19 Mei 1986

Kaka Ghislain,

Barua yako nimepewa leo. Ina duara la kikombe cha kahawa juu yake. Bawabu anasema aliitunza vizuri.

Tumefurahi kwa mjukuu. Mpe Léonie pole ya goti, mwambie afunge jani la kabichi lililopondwa, acheke lakini afunge. Fernand anakula vizuri. Mbwa tulimwacha kwa jirani. Mimi sijambo, mikono tu imekuwa mizito asubuhi.

Najua unataka nianze na zizi. Ngoja kwanza nikwambie tulipopita, maana nisipomwambia mtu nitapasuka.

Lile handaki la kule kwetu unalikumbuka, lile ambalo matishari yanafungwa mkia kwa pua na kuvutwa na boti ya umeme inayotambaa juu ya mnyororo. Nimelipita tangu tumboni mwa mama. Safari hii tulikuwa wa mwisho kwenye mkia, hakuna nyuma yetu. Mashine imezimwa. Mnyororo mbele unasaga, maji yanalamba ukuta, na tundu tuliloingilia linapungua mpaka likawa kama dengu. Muda wa saa mbili nzima, Ghislain. Fernand alikaa juu ya kifuniko cha tumbo, kofia mkononi, kama yuko kanisani. Nikamuuliza, "Unawaza nini?" Akasema, "Wale waliochimba hapa, walijuaje kwamba wale wa upande wa pili watakuja?" Wewe mjenzi, niambie kama unalo jibu.

Halafu hapa Briare. Nilikuwa nimesikia, lakini kusikia si kupita. Mfereji unafika kwenye mto mkubwa, mto Loire wenyewe na visiwa vyake vya mchanga, na hausimami. Unaupanda. Daraja la chuma, lina taa pande mbili kama barabara ya mjini, na juu ya daraja si gari, ni maji, na juu ya maji sisi. Nafasi iliyobaki kila upande ni viganja viwili. Mzee mmoja aliyekuwa akipita pembeni na baiskeli akatupita akapiga kengele: "Mama, mmepotea! Mto uko chini!"

"Na wewe angalia usituangukie!" nikamjibu.

Katikati kabisa Fernand akasema, "Odile, zima mashine."

"Una wazimu? Juu ya daraja?"

"Zima. Nataka kusikia mto ukipita chini ya mto."

Nikazima. Tukaelea wenyewe, tani zote zile, hewani, kimya. Chini tukausikia Loire ukisugua nguzo. Akashika mkono wangu akaniambia, "Sasa nieleze. Taratibu." Nikamweleza mpaka nikakauka koo, ndege weupe, mchanga, kivuli chetu kikivuka mto mbele yetu. Bawabu alitupigia honi kwa hasira. Hatukujali.

Sasa zizi. Unadhani yule wa vyuma chakavu alipata wapi namba yako ya simu? Niliiandika mimi, kwa chaki, juu ya ubao wa hori alilolia farasi. Nikamwambia asiguse hata msumari mpaka akupigie. Kukwambia mdomoni sikuweza, kwa sababu ungeuliza haraka ya nini.

Haraka tunayo. Usiulize.

Kuhusu kupanda, hilo nitalijibu siku nyingine.

Mdogo wako,
Odile


Douai, 8 Juni 1986

Odile,

Salamu nyingi. Kabichi limefanya kazi. Léonie anasema usinieleze mimi, maana nitaanza kudai nilijua.

Handaki nakujibu: walishusha mashimo kutoka mlimani juu, wakachimba kila upande kutoka kila shimo, kwa kamba ya timazi na macho ya binadamu. Nimejenga nyumba mia moja na zaidi na bado kona zangu hupinda. Mwambie Fernand kwamba hata mimi sijui walijuaje.

Nimelileta pande. Nilikwenda na winchi kubwa na lori la kukokota, na polisi wawili mbele kwa sababu lilijaza barabara nzima. Watoto walitoka shuleni kutazama. Mmoja akapiga kelele, "Babu, umenunua tishari lisilo na kichwa wala mkia!" Nikamwambia kichwa na mkia viko safarini, vitarudi. Limekaa uani kwangu kati ya mchanga na matofali, midomo miwili wazi.

Jumapili mafundi hawapo. Nikaingia. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nilikuwa nimekuandalia maneno. Odile, mle ndani mna giza la aina ile ile. Jua linapita kwenye tundu la hewa na kuanguka palepale. Nikasikia harufu ya farasi. Nyinyi mtasema haiwezekani, miaka thelathini na minane tangu baba amuuze farasi wetu Kanali na kununua mashine, na tangu hapo mmebebea humo makaa na viazi sukari. Najua haiwezekani. Nimesimama na mkono juu ya hori, mtu mzima mwenye mafundi kumi na tisa, nikatembea kwa ncha za vidole nisimwamshe.

Halafu nikatoa futi nikapima, kwa sababu mimi ni mimi. Zizi la Kanali lilikuwa mita tatu. Hapa nina mbili na robo. Wakataji hawakufuata ukuta, walifuata hesabu ya kizimba. Robo tatu ya mita ya zizi langu bado iko kwako, upande wa mbele, wa omo, mkono wa kushoto, pale ilipokuwa pete ya kumfungia. Na ubao alioutafuna mwaka wa ile barafu. Kaangalie.

Sasa sikiliza. Barua yako nimeisoma mara nne. Fernand amesikia, Fernand ameshika, Fernand ameuliza, Fernand amesema nieleze. Huyu ni Fernand ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akiniambia umbali wa tishari kwenye ukungu kabla mimi sijaona hata ukungu. Kwenye kurasa zako zote hakuna mahali ameona kitu.

Macho yake yana nini?

Ghislain


Douai, 20 Julai 1986

Odile,

Mpaka leo kimya. Nimempigia bawabu wa Chalon, anasema mlipita wiki mbili zilizopita na barua yangu mliichukua. Nimempigia wa Lyon, anasema alimwona mwanamke kwenye usukani na mwanamume amesimama omo kama sanamu. Léonie anasema nikuache. Ninakuacha. Lakini jua kwamba hapa uani pande lipo, nimeliwekea turubai juu mvua isiingie, na kila jioni natoka kwenda kulitazama kama mjinga.

Ghislain


Bollène, kwenye Rhône, 11 Agosti 1986

Kaka yangu,

Nisamehe ukimya. Poleni na joto, nasikia hata huko limefika. Mjukuu ameota jino? Huku usiku tunalala juu ya sitaha na tunakula tikiti maji badala ya chakula. Jibini letu la kaskazini limenuka mpaka bawabu mmoja aliuliza kama tunasafirisha maiti.

Ni presha ya macho. Daktari wa Cambrai alisema Januari: la kulia limekwisha, la kushoto lina mpaka Krismasi, labda. Sasa ni Agosti na anaona mwanga na kingo za vitu, kama mtu anayechungulia kwenye mrija. Aliniambia siku ile ile tulipotoka kwa daktari, kituo cha basi, mvua inanyesha: "Maisha yangu yote nimebeba makaa kutoka ukungu mmoja kwenda ukungu mwingine. Babu alikuwa akiniambia kuna mahali kusini matishari yanapanda mlima kwa ngazi. Nipeleke nikaone ngazi." Vizimba vya watu vitarefushwa lini, Ghislain? Mwaka kesho? Miaka mitano? Nilikwenda karakana Jumatatu.

Hakutaka uambiwe. "Ghislain atakuja na winchi," alisema, "atuinue na kutupeleka hospitali, tishari na vyote."

Nikueleze kazi tunavyoifanya. Mimi nashika usukani. Yeye anasimama omo. Tukikaribia kizimba anapiga kiganja kimoja kwenye chuma, na anasikiliza sauti inavyorudi kutoka ukutani. "Kushoto kidogo. Kidogo! Wewe mwanamke, nimesema kidogo, si kugeuza Ufaransa!" Hatujagusa ukuta hata mara tatu tangu Lyon.

Leo tumeshuka hapa. Andika utakavyo kwenye vitabu vyako vya ujenzi, huu si ujenzi, ni kitu kingine. Tuliingia tukiwa sawa na paa za nyumba. Lango likafungwa nyuma yetu, na sauti kwenye kipaza ikasema, "Nyinyi wafupi, kamba kwenye nguzo, msiifunge fundo, nguzo inashuka nanyi." Kisha maji yakaanza kuondoka. Hakuna kelele, hakuna wimbi. Sisi tu tunashuka, ukuta unapanda, umelowa, mweusi, unadondosha. Nguzo zinalia kwenye reli zake kama ng'ombe. Tukashuka mpaka anga likawa mstari mmoja wa buluu, na baridi ikatushika katikati ya Agosti. Zaidi ya mita ishirini. Kanisa letu la kule kwetu lingeingia na mnara wake. Nikajikuta nafanya ishara ya msalaba.

Fernand akainua uso. "Odile," akasema kwa sauti ndogo, "ninaona. Ule mstari. Ninauona."

Halafu lango la mbele likapanda juu lote kwa mpigo mmoja, na mwanga ukaingia chini yake kama mafuriko, na sisi tukatoka nje kama watu waliofufuka. Nililia. Yeye alikuwa anacheka.

Pete nimeiona. Ilikuwa nyuma ya magunia, mahali hasa uliposema, na ule ubao uliotafunwa. Unajua nani aliiona kabla yangu? Fernand. Tangu Aprili, akitoka omo kurudi nyuma, mkono wake unapita pale pale, anashika pete, anajua amefika nusu ya njia. Alidhani mimi nilijua.

Unauliza juu ya kupanda. Baba nisimsemee. Lakini mimi, kaka, ulikuwa unakuja na koti la sufu na mikono mfukoni, unasimama kama mtu aliyekuja kukagua. Nilikuwa nasema moyoni, huyu akiniambia "naomba" nitamwita. Hukusema. Nami nikaona aibu kumwita tajiri kwenye vumbi la makaa.

Kutoka hapa tunakwenda Sète, halafu ule mfereji wa zamani, halafu Béziers ambako ngazi iko. Bawabu ananiambia pale vizimba vimepandana mgongoni, lango la kimoja ndilo ukuta wa kingine, na maji yanaingia kwa nguvu ya kukata kamba. Lazima mmoja awe kwenye usukani, mmoja kamba ya mbele, mmoja kamba ya nyuma. Watatu. Anasema watu wawili wasijaribu, na mmoja wao akiwa haoni, atatufungia lango mwenyewe turudi tulikotoka.

Sikuombi kitu. Nakueleza tu hali.

Odile


Douai, 24 Agosti 1986

Odile,

Mjukuu ana meno mawili. Léonie hajambo. Mafundi wamepewa likizo. Salamu zimekwisha.

Fernand amesema kweli kuhusu winchi. Ningekuja nayo. Mwambie nimesema hivyo, na mwambie pia kwamba mtu anayeingiza tishari kwenye kizimba kwa kiganja hapelekwi hospitali na mimi, anapelekwa anakotaka.

Nilikaa na barua yako ndani ya zizi, kule uani. Niliwasha taa, nikasoma pale uliposhuka mpaka anga likawa mstari. Kisha nikazima taa, nikatazama lile tundu la hewa, na huo mstari ulikuwepo. Mwembamba, wa buluu. Ni ule ule nilioutazama nikiwa na miaka minne nimelala karibu na miguu ya Kanali. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Mimi ni mtu wa saruji. Nimewahi kusimamisha ghorofa sita nikarudi nyumbani nikala bila kuinua macho, na hapa nimeketi kwenye chuma kilichokatwa, nikiwa na miaka hamsini na minne, na nimeshindwa kuondoa macho kwenye tundu la hewa.

Nimechukua kamba ya katani kwenye stoo na nimejaribu. Fundo la kutelezesha bado ninalijua. Lile la kufunga na kufungua kwa mkono mmoja limenishinda mara mbili, la tatu likakubali. Nikiwa na miaka kumi na saba nilikuwa naitwa mkono mwepesi wa mfereji wote, na hilo uliwahi kulisema wewe mwenyewe, usikatae.

Tiketi ya treni ya kwenda Béziers ninayo. Nafika Jumatatu tarehe 8 Septemba asubuhi. Nitakuja mpaka chini ya ngazi. Sitavaa koti la sufu.

Umesema ulikuwa unasubiri niseme "naomba." Haya. Naomba. Nimeliandika, na Léonie ameliona nikiliandika, shahidi yupo.

Lakini sheria ya maji ninaiheshimu kuliko nyinyi mlioikata vipande. Nitasimama ukingoni kama nilivyosimama miaka yote hiyo. Sitaweka mguu sitahani kwa huruma, wala kwa kuwa mnahitaji mtu wa tatu na mimi nimetokea kuwa karibu. Mtu wa kushika kamba mnaweza kumkodi hapo hapo Béziers, nimeuliza, wapo. Mimi nitapanda kama nimeitwa, na bibi wa tishari, kwa mdomo wake.

Kwa hiyo usiniandikie handaki wala daraja wala ndege weupe. Barua hii utaikuta Sète. Bawabu ana simu, namba yangu unaijua, ulishawahi kuiandika kwa chaki. Jumatano tarehe 3 Septemba, saa sita kamili mchana, nitakuwa nimekaa pembeni ya simu na sitaiacha iite mara ya pili. Nataka neno moja, na usilizungushe.

Unaniambia "panda," au huniambii?

Ghislain